Skrini za oganiki: tusiusahau utando mwembamba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala zinazoeleza skrini za simu za kisasa. Nyingi husema kwamba kemikali oganiki, yaani zenye kaboni, huwaka zenyewe umeme unapopita, kisha huishia hapo. Kwa mwalimu wa fizikia kama mimi hilo linasikitisha, kwa sababu kazi kubwa ilikuwa kuuingiza huo umeme ndani ya kemikali.

Mwanga hutokea pale elektroni za kathodi (ncha hasi) zinapokutana na matundu, yaani nafasi zilizokosa elektroni, yenye chaji chanya yanayotoka anodi (ncha chanya). Ching Tang na Steven VanSlyke wa kampuni ya Kodak, Marekani, walipotangaza diodi yao, kifaa cha oganiki kinachotoa mwanga, mwaka 1987, walitumia kathodi ya metali ya magnesi iliyochanganywa na fedha, kwa kuwa magnesi huachia elektroni kwa urahisi, ingawa huharibiwa upesi na unyevu. Alumini ni imara zaidi, lakini kung'oa elektroni kwake huhitaji takriban elektronivolti 4.2 (kipimo cha nishati), ilhali ngazi ya nishati ya kuipokea katika Alq3, kemikali inayotoa mwanga wa kijani, iko karibu na 3. Tofauti hiyo ndiyo kizingiti, na volti hulazimika kupanda ili kukivuka.

Mwaka 1997 watafiti wa Kodak hiyo hiyo walionyesha kwamba utando wa floridi ya lithi ukiwekwa kati ya Alq3 na alumini, elektroni huingia kwa volti ndogo zaidi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba floridi ya lithi ni kihami, yaani haipitishi umeme! Ikiwa na unene wa nusu nanometa hadi nanometa moja (sehemu ya bilioni ya mita), inasaidia. Ikifika nanometa kadhaa, inauzuia mkondo uleule. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba alumini inapotua juu ya utando huo ndani ya chombo cha ombwe, kilichoondolewa hewa, floridi huvunjika, na lithi inayoachiliwa huipa Alq3 elektroni.

Wala faida si kuokoa umeme tu. Elektroni zikiwa chache, matundu hurundikana katika Alq3, molekuli zake huharibika, na mwanga hufifia kabla ya wakati.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wenu wa sayansi, wanapoeleza uangavu wa skrini hizi au sababu za kufifia kwake, watenge walau aya moja kwa mpaka huu kati ya metali na kemikali.

Mwalimu wa Fizikia,
Dodoma