Barua kwa mwanangu: mwambie mwenzako wa chumbani

Mwanangu,

Marahaba. Simu yako ya jana niliifurahia mpaka pale uliposema kwamba huko Dodoma chuoni hutamwambia mtu yeyote kuwa una kifafa. Usiku kucha neno hilo halikunitoka. Naandika kwa sababu kwenye simu utanikatisha.

Mwambie mwenzako wa chumbani. Sikutumi ukatangaze darasani wala bwaloni. Namtaka huyo mmoja atakayelala hatua tatu kutoka kitandani kwako.

Atakuuliza maswali, kwa hiyo uwe na maneno tayari. Mwambie ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo mdogo. Kila seli ya neva hurusha ishara kwa zamu yake, na ziko kemikali za kuichochea na za kuizuia. Kwako, ndani ya panja la kushoto, usawa wa sikio, kizuizi huzidiwa mara moja moja, seli nyingi zikarusha kwa mpigo mmoja. Umeme ukibaki hapo hapo huanguki. Tumbo linapanda mpaka kooni, mahali usipowahi kufika panakuwa kama unapajua, kisha unakodoa macho. Mdomo unatafuna kitu ambacho hakipo, vidole vinachezea pindo la mtandio, pengine unainuka na kutembea. Dakika moja, au mbili. Ukiitwa huitiki, na baadaye hukumbuki, maana palipovurugika ndipo kumbukumbu mpya zinapoandikwa. Umeme ukivuka ukaenea pande zote mbili za ubongo, hapo ndipo unaanguka na kutikisika.

Mimi hiyo ya kukodoa inanitia hofu kuliko ya kuanguka. Anayeanguka, watu wanajua ni mgonjwa. Anayetembea akichezea vifungo wala haitiki, watasema amelewa, ana kiburi, amepandwa na jini. Darasa la tano iliitwa ukaidi, ikachapwa fimbo, na si fimbo zote zilikuwa za mwalimu. Nalijua hilo.

Ukikutana na anayesema ni jini, mweleze kuhusu Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo kule Montreal. Kuanzia miaka ya 1930 alikuwa akigusa ubongo wa wagonjwa wa kifafa kwa waya mdogo wa umeme wakiwa macho, ili ajue pa kukata. Alipogusa sehemu hiyo ya panja, baadhi yao walisikia muziki, wengine wakaona watu na mahali pa zamani. Akiondoa waya, vinakoma. Mwenzako akiwa mtu wa sayansi atakuelewa upesi kuliko shangazi yako.

Kisha mfundishe la kufanya. Ukikodoa macho, asikushike kwa nguvu wala asikutikise. Akuondoe taratibu kwenye jiko, ngazi au barabara, azungumze nawe kwa upole mpaka urudi. Ukianguka, kwanza aangalie saa. Asogeze viti na chupa, aweke kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, atoe pini za ushungi na kulegeza kinachobana shingoni. Mdomoni asitie kitu: si kijiko, si kidole, si maji. Ulimi haumezwi, kinachotokea ni jino kuvunjika, au maji kuingia kwenye mapafu. Mtikisiko ukitulia, akulaze ubavu ili mate yatoke. Ukipita dakika 5, au wa pili ukianza kabla hujazinduka, ni gari na hospitali. Asikunusishe kiatu wala kitunguu.

Na povu ni mate yaliyochanganyika na hewa, haliambukizi. Mtajie wewe kabla hajaliogopa. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto, kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa hata walipoangukia motoni. Mtu asiyeambiwa ndivyo anavyofanya. Ndiyo maana nasema mwambie.

Wewe utasema miezi kumi na moja imepita bila kitu. Imepita kwa sababu ya dawa. Kabamazepini, vidonge vya miligramu 200, viwili saa moja asubuhi na viwili saa moja usiku. Ukiruka dozi ya usiku, ikifika asubuhi dawa iliyobaki kwenye damu inakaribia nusu, na ubongo unaona breki imeachiwa ghafla. Ukisahau, meza pale pale unapokumbuka. Ukikaribia muda wa dozi inayofuata, iache iliyopita, usimeze mara mbili. Usivibandue kwenye karatasi yake ukavitia kwenye kikopo, wala usiviweke bafuni. Vikinyonya unyevu vinaganda, na nguvu yake inaweza kupungua hata kwa theluthi.

Ukiumwa malaria, kabla hujapewa mseto sema unatumia kabamazepini, kwa sababu inalifanya ini livunje mseto haraka na malaria isipone sawasawa. Erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, ni kinyume chake: inaipandisha kabamazepini yenyewe, utaona vitu viwili viwili na kuyumba. Tramado, ile ya maumivu, usipokee kwa mtu. Na hili naliandika mara moja tu: dawa yako inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi na ya kipandikizi. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviathiriki. Siku ikifika ya kuolewa na kutaka mtoto, anza na kliniki, miezi kadhaa kabla. Sitaki unijibu hapa.

Kukesha sikukubali. Umeingia chuo kwa daraja la kwanza, bibi yako anawahadithia hata wauza samaki, na hukulipata kwa kukesha. Ubongo uliokosa usingizi unachochewa upesi. Usiku mmoja tu unaweza kukuangusha, hata dawa umemeza. Tena yale uliyosoma mchana yanapangwa na kuimarishwa ukiwa umelala, saa saba au nane, kwa hiyo anayekesha anapoteza hata alichosoma. Wewe maneno yanakukimbia wakati mwingine, unajua kitu na jina halitoki. Si ujinga. Panja la kushoto linahusika sana na maneno, na dawa nayo inapunguza kasi kidogo. Soma kidogo kidogo siku nyingi, funga kitabu ujiulize kwa sauti. Kompyuta tumia, mwanga unaomulika huwasumbua kama watu 3 tu katika 100 wenye kifafa, na wewe ulipimwa, si mmoja wao.

Omba kitanda cha chini. Oga kwa ndoo na kopo, usifunge komeo. Mwenzako akijua, hatashangaa mlango usiofungwa.

Najua kuficha ulikujifunzia wapi. "Ana malaria tu," lilisemwa sebuleni kwetu miaka mingi, na hukuwa wewe uliyelisema. Mwaka ule wa makombe na hirizi, kabla ya kliniki, nao hesabu yake si yako.

Baba yako ameziba bati la jikoni, bado linavuja upande wa pipa. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja dhaifu, kaka yako anamnywesha kwa chupa. Godoro usinunue stendi, watakupa la nyasi kwa bei ya sponji. Samaki wakavu nimefunga kwenye gazeti, uwale kwanza, hawakai.

Vidonge nimekuwekea 480, siku 120, vyote vya kiwanda kimoja; usichanganye na vya kiwanda kingine bila kumwuliza daktari. Vipo chini ya kanga za kijani. Kwenye mfuko wa ndani wa begi utakuta karatasi mbili za mwandiko wangu: jina la dawa, dozi, namba yangu na ya baba yako, na zile hatua za kukusaidia. Moja kaa nayo pamoja na kadi yako ya kliniki. Ya pili ni ya mwenzako.

Mama yako