Dereva wa gari la majitaka alipwe akirudi na stakabadhi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno juu ya majitaka ya Moshi. Mimi si mtaalamu. Nimeendesha gari la kunyonya vyoo miaka kumi na minne, nikaacha mgongo ulipokataa. Watoto wa Pasua walikuwa wakiniona kwa mbali tu wameshaziba pua.

Ikizungumzwa habari ya kuchafua mito, hutajwa viwanda na waosha magari. Sawa, nao wana yao. Lakini sijasikia mtu akiuliza gari lililotoka kunyonya choo chake limekwenda kumwaga wapi. Mwenye nyumba analipa, anafunika shimo, basi. Na nyumba nyingi za mji huu hazijaungwa kwenye bomba la majitaka. Zina mashimo na chemba. Kwa hiyo uchafu wetu mwingi unasafiri kwa magurudumu.

Unakotakiwa kufika ni kwenye mabwawa ya Mabogini. Pale hakuna mitambo ya ajabu. Bwawa la mwanzo lina kina, tope linatuama na vijidudu wasiohitaji hewa wanalila. Maji yanasogea polepole bwawa hadi bwawa, na mabwawa ya mwisho yana kina kifupi ili jua lipenye liue vimelea vya magonjwa. Ni kazi ya siku nyingi, haiharakishwi. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayotolewa yasiwe na uchafu wa kunyang'anya maji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa kila lita. Tope bichi la choo linahesabiwa kwa maelfu. Tangi moja likimwagwa mtoni, samaki hawangoji kuelezwa.

Sasa niungame. Usiku mmoja wa masika barabara ilikuwa tope tupu, nami nilikuwa natoka kuvuta shimo la nyumba ya wageni. Tajiri wangu alikuwa akitulipa kwa tripu, na ada ya kumwaga mabwawani ilikatwa kwenye posho yetu. Utingo akaniangalia, nikamwangalia. Tukafungulia bomba kwenye mtaro unaoshuka Mto Rau. Mvua ilikuwa kubwa, tukajiambia maji yatabeba. Ni kweli yalibeba. Asubuhi nikapita Mabogini nikamkuta mama mmoja ndani ya kitalu cha mpunga, maji ya mfereji yamemfika kwenye ndama za miguu, anang'oa miche huku mtoto amekaa tutani. Skimu ile ya umwagiliaji ya Lower Moshi inachota maji yake Rau na Njoro. Nilimsalimia, akaitikia vizuri tu. Bibi yangu kule Kibosho alitucharaza fimbo kwa kukojoa mferejini. Sijui angenifanya nini.

Sikufanya mara moja, wala sikuwa peke yangu, na majina sitaji. Wapo pia wanaotapisha vyoo, yaani kuufungulia uchafu utoke shimoni mvua ikinyesha, hao hata gari hawahitaji.

Kuna wenzangu waliodhani kumwaga porini, mbali na mto, ni nafuu. Lakini ardhi nayo ina maji chini. Shemeji yangu ana kisima cha kuchimba kwa mkono, maji meupe, ya baridi, na majirani wanamsifia. Mashimo ya vyoo yamekizunguka pande tatu. Maji hayo anayachemsha kwa bidii kabla ya kukorogea mjukuu maziwa ya kopo. Kuchemsha kunaua vimelea, ila naitreti inayoshuka ardhini kutoka kwenye kinyesi haiungui. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga, kwa sababu inazuia damu yao kubeba oksijeni. Haina rangi wala harufu. Mto ukichafuka unauona. Kisima kinakutazama tu.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inamtaka anayetiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji awe na kibali cha bodi ya bonde, na makao ya Bodi ya Bonde la Pangani yako hapa hapa Moshi. Lakini kibali kinafaa kwa mwenye bomba: unajua linapotokea, unakwenda na chupa, unapima. Gari langu lilikuwa linatokea popote, saa nane za usiku.

Ninachoomba ni karatasi. Kila tripu iwe na stakabadhi ya nakala tatu: ya mwenye nyumba, ya dereva, ya mabwawani. Ada ya kumwaga ilipwe kabla gari halijanyonya, isitoke mfukoni mwa dereva, maana hapo ndipo sisi tulipoanguka. Na mwenye nyumba abaki na nusu ya malipo hadi aone mhuri wa mabwawa. Akikosa nakala yake, naye aulizwe.

Daftari langu la tripu bado ninalo. Nililiandika ili tajiri asinidhulumu: tarehe, mtaa, na mahali nilipomwaga. Wanaohusika wakilitaka, waulize kwako, mhariri. Jina langu unalo, naomba ulihifadhi.

Dereva mstaafu,
Majengo, Moshi