Jumamosi ufukweni: salamu kwanza, kamera baadaye

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi saa 1 asubuhi tukutane ufukweni Bagamoyo, karibu na soko la samaki. Mzee fundi wa mashua ametukubalia tumpige filamu akiwa kazini, ila nusu saa ya kwanza kamera zibaki mkobani. Tusalimie, tukae, tumtazame anavyosokota pamba na kuishindilia kwenye mianya ya mbao. Mlio wa nyundo yake unastahili kurekodiwa peke yake.

Mnaoomba nafasi Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kwenye kituo cha anthropolojia ya picha (yaani kuchunguza maisha ya watu kwa filamu na picha) kilichoanzishwa 1987, hili ndilo somo lenyewe. Jean Rouch, yule Mfaransa mwanaanthropolojia na mtengeneza filamu, aliwaonyesha wawindaji wa viboko kule Niger filamu aliyowapiga. Wakamlalamikia muziki aliouweka: kwenye mawindo panatakiwa kimya, kiboko angesikia akakimbia! Nakipenda mno kisa hiki, maana wao ndio waliomfundisha.

Kwa hiyo mzee wetu ataiona kazi kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisema kipande kitoke, kinatoka.

Chajini betri, na maiki zije na kinga ya upepo. Anayekuja aandike "nipo" kabla ya Alhamisi usiku.