Dada, sikumficha mtoto, nilikataa akatwe kipande

Dada, simu zangu hupokei na meseji unazisoma tu unanyamaza, basi naandika hapa, najua wadogo zetu watakuonyesha.

Kwanza pole, na naisema kwa moyo, maana kulea mtoto anayeamka shuka limelowa damu ya pua si mchezo, ulikuwa unafua usiku usiku ili asione ila mimi nilikuwa nakuona.

Lakini siku ya kikao kwa baba mkubwa haijanitoka. Wazee wapo, shemeji yupo, ukasimama ukasema mimi ndo nilimzuia mtoto asipimwe kansa, halafu ukaongeza eti mtu ambaye hajazaa hawezi kujua uchungu. Hujazaa. Ukarudia tena, Dada. Na wewe ndo ulinishika mkono mimba zangu zilipotoka, wewe na sio mwingine.

Sasa ngoja niseme nilizuia nini. Pale tulipoanzia yule dokta alimulika puani akaona nyama nyekundu, akasema hii inaonekana kansa, tukate kipande hapahapa kwenye kiti kiende maabara. Wewe kichwani ukawa ushafika Ocean Road, hospitali ya kansa, na sikulaumu, kansa ya nyuma ya pua hata vijana wa huku kwetu inawapata. Ila mimi nafanya kazi chumba cha upasuaji, mambo haya nayaona. Kijana wa kiume anayebalehe, pua imeziba upande mmoja, damu inatoka yenyewe na haumwi popote, shingoni hana tezi hata moja, hapo lazima uwaze anjiofibroma kabla hujagusa kisu. Ni uvimbe wa nadra, karibu wote wanaoupata ni wavulana, na sio kansa, hauendi kwenye mapafu wala ini. Shida yake unakua, unasukuma na kula mifupa, ukiachwa unafika kwenye jicho na hata kukaribia ubongo, ndo maana ukiuangalia harakaharaka unadhani kansa. Na umejaa mishipa ya damu isiyo na misuli ya kujibana, mshipa wa kawaida ukikatwa unajikunja, hii inabaki wazi kama bomba lililopasuka. Ukikata kliniki, damu ya kumwongezea haijaandaliwa, mtoto anakuishia mikononi. Kwa vimbe nyingi kukata kipande ndo njia yenyewe, ningekupa kalamu mwenyewe usaini. Kwa huu picha inatangulia.

Ndo hicho nilichozuia, nikasema siti skani ya dawa kwanza, ile picha ya ndani ya kichwa inayopigwa baada ya kuchomwa dawa ili mishipa ionekane. Na Muhimbili ulikuwepo, dokta akatuonyesha kwenye skrini ule ukuta wa nyuma wa uwazi wa shavuni ulivyosukumwa mbele ukapinda, akasema Holman na Miller waliieleza alama hiyo tangu 1965, ukaitikia kabisa kwa kichwa. Wakaanza kwa kuziba mshipa unaoulisha uvimbe, mrija ukapitishwa pajani, kesho yake ndo wakautoa, na damu ya akiba shemeji na vijana wa mtaani walishatoa. Maabara wakaupima wote wakasema sio kansa.

Sasa kikao cha nini tena baada ya jibu hilo? Unasema foleni ya kipimo ndo iliufanya ukue. Uvimbe huu unakua taratibu, Dada, ulikuwemo tangu enzi tunamwekea barafu na kumwambia aache kuchokonoa pua. Kina mama wengine mnaosoma, mtoto wa kiume pua ikiziba upande mmoja na damu inarudirudi, msikae na barafu, tafuteni dokta wa pua, na akitaka kukata kabla ya picha muulizeni kwa nini.

Wewe ulinifundisha kusoma kwa kijiti kwenye mchanga, ndo maana siwezi kukukasirikia siku nzima, jioni nakuwa nimeshakumiss. Lakini ningenyamaza siku ile ili nionekane mdogo mwenye adabu, leo tungekuwa tunaongea nini?

Uvimbe huu unaweza kurudi, kikibaki kidogo tu kinaanza upya, kwa hiyo MRI ya marudio, ile picha ya mashine ya sumaku, usiiahirishe, hela kama haitoshi nitumie meseji, sihitaji salamu. Na lile neno la hujazaa naomba uliondoe wewe mwenyewe, mbele ya walewale uliowaambia.