Barua kwa Rehema: ndege wenye nyuso za wanawake

Tanga

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi. Huku sote tu wazima, na mama anakusalimu sana.

Umeniuliza kuhusu ile picha ya ndege wawili wenye nyuso za wanawake, mmoja akishangilia na mwenzake akilia. Aliichora Mrusi Viktor Vasnetsov mwaka 1896, na iko Moscow katika jumba la sanaa la Tretyakov. Hao ni Sirin na Alkonost, ndege wa peponi.

Sirin asili yake ni Ugiriki, kwa wale wanawake-ndege walioimba mpaka mabaharia wakaangamia. Kwa Warusi akapewa makao peponi, lakini hatari yake ilibaki: anayemsikia husahau yote ya dunia, akamfuata hadi kufa. Katika picha za kuchapwa za watu wa kawaida, ziitwazo lubok, utaona watu wakifyatua mizinga na kupiga kengele ili wamfukuze. Sauti ya peponi imewashukia, nao wanaifukuza! Siwalaumu. Mwenye watoto wa kulisha atafanyaje?

Ila moyo wangu uko kwa Alkonost. Yeye ametokana na Alcyone, mwanamke wa masimulizi ya Kigiriki ambaye mumewe alizama baharini, naye akageuzwa ndege mdiria. Warusi husimulia kwamba hutaga mayai yake baharini wakati wa baridi kali, na mpaka yaanguliwe bahari hutulia shwari. Wewe binti wa mvuvi utanielewa: aliyenyang'anywa mume na bahari ndiye anayeituliza, waume wa wenzake wapate kurudi. Sijui hadithi nyingine ya bahari inayonigusa hivi.

Yupo pia Gamayun, mtabiri, lakini huyo tumwache kwa leo.

Zamani zaidi, karne ya 12, wanawake wa tabaka la juu wa Kiev walining'iniza kwenye panja zao mapambo ya dhahabu yenye ndege hawa. Wamongolia walipouvamia mji mwaka 1240, watu walizika mali zao ardhini, na wengi hawakurudi kuzifukua. Mapambo mengi yamepatikana hivyo, karne nyingi baadaye.

Humu ndani ya bahasha nimeweka picha ya pambo mojawapo. Tafadhali mwonyeshe bibi, umwulize kama anaweza kumdarizi ndege huyo kwenye mto wa kiti. Nyuzi nitanunua mimi, aniambie rangi tu.

Wako,
Zuhura