Wifi, mpira haufumbi mdomo

Wifi yangu,

Tangu tuanue matanga kule Kongwa hupokei simu yangu. Kaka ameniambia sababu ni lile bomba la sindano la kumlishia mtoto kwa mpira unaopita puani hadi tumboni, kwamba nilikunyang'anya mbele ya akina mama wa msiba. Ndiyo, nilikunyang'anya.

Mtoto alikuwa amelala chali mkekani. Wewe umeinama, jicho moja kwenye sufuria la wageni, unasukuma uji wa ulezi kama mtu anayejaza upepo tairi la baiskeli. Akakohoa. Uji ukamtoka puani, ukatiririka juu ya plasta, na midomo ikaanza kubadilika rangi. Unasema ningekuita pembeni. Pembeni wapi, wifi?

Mtoto anayekula kwa mdomo akishiba atafumba, atageuza uso, atatema. Wetu hana pa kufumba. Kinachomsemea ni chakula chenyewe ndani ya bomba, ndiyo maana nakuomba uachane kabisa na kusukuma. Chomoa kisukumio, bana mpira kwa vidole, mimina kwenye bomba tupu la mililita 60, halafu achia kishuke chenyewe. Lishike juu kidogo ya kichwa chake. Ukilipandisha sana kitakimbia. Akilia utaona maziwa yanapanda badala ya kushuka, kwa kuwa amekaza tumbo. Hapo shusha bomba, mbembeleze, subiri. Mililita 120 zichukue dakika 20 hadi 30. Akikohoa mfululizo au akipumua kwa shida, simamisha palepale. Na asile chali hata siku moja: kiwiliwili chote kiinuke, si shingo tu, na abaki hivyo nusu saa baada ya kula.

Kabla ya yote hayo, tazama alama ya kalamu pale mpira unapoingia puani. Imesogea? Usimimine hata maji. Haijasogea? Bado vuta maji kidogo ya tumboni, weka tone kwenye karatasi ya kupima asidi. Ikisoma 5.5 au chini yake, endelea. Yasipotoka, mlaze ubavu wa kushoto, ngoja robo saa, vuta tena. Habari ya kupuliza hewa na kusikiliza tumbo, mama alituonyesha kwa nia njema, Mungu amrehemu, lakini mlio ule unaweza kusikika hata mpira ukiwa umeingia njia ya hewa.

Ulezi siukatai. Lakini mpira wake ni namba 8, unene wa nje haufiki milimita 3. Uji ukipoa unakuwa mzito, na pumba zinanasa humo ndani. Kama mtu wa lishe ameuruhusu, uchuje mara mbili kwa kitambaa safi mpaka utiririke kama maziwa. Suuza kwa mililita 10 za maji yaliyochemshwa yakapoa, kabla na baada. Dawa nazo kila moja ipite peke yake, na maji katikati. Mpira ukiziba, maji ya uvuguvugu, sukuma na kuvuta polepole. Usilazimishe kwa bomba dogo ukidhani ni laini. Dogo ndilo lenye msukumo mkali, linaweza kuupasua. Waya ndiyo usifikirie kabisa.

Nakuandikia kama mwalimu, najua, na ni wewe uliyelala naye wodini. Ni wewe unayejua kwamba akikunja vidole vya miguu anataka kutapika. Hilo mimi silijui, na ningependa unionyeshe. Lakini sitaomba radhi kwa kulichukua bomba. Kwa sauti niliyoitoa, naomba radhi.

Kwa vumbi na jasho la Dodoma plasta haidumu. Osha shavu, likauke kabisa ndipo ubandike. Mpira ukichomoka usiku usiurudishe mwenyewe, apelekwe hospitali. Na kaka akiwa safarini nipigie, hata saa nane. Kutoka hapa Nkuhungu bajaji sikosi.