Koku, Usinunue Dawa Kwanza

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Dada Koku,

Mwangaluka! Najua utaniitikia kwa Kihaya, lakini salamu ni salamu. Huku hatujambo. Mvua inanyesha usiku na umeme unakatika usiku, kama vile vimepatana.

Picha uliyonitumia nimeiona. Unauliza ununue dawa gani. Mwangalie tena huyo goldifishi wako, mchana, akiwa ametulia. Mimi naona vidoa vyeupe viko mashavuni tu, juu ya ule mfuniko wa matamvua anayohemea, na vichache ukingoni mwa mapezi ya mbele. Mgongoni je? Mkiani? Anakula? Anamkimbiza mwenzake tangi zima? Kama anakula na anakimbiza, huyo haumwi. Ni dume, amekomaa, anataka mke. Wakifika hapo huota vipele vyeupe hapohapo mashavuni. Mwache na ujana wake.

Ugonjwa wenyewe wa vidoa vyeupe haukai shavuni tu, na mimi naujua kwa machungu. Mwaka jana mtoto wa jirani aliniletea furu wawili, wale samaki wadogo wa ziwani, kawavua kwenye mawe, wamo kwenye ndoo ya maji ya ziwa. Kwa furaha nikamimina vyote tangini, samaki na maji yao. Haikupita wiki, goldifishi wangu wakawa kama wamenyunyiziwa chumvi, kichwa hadi mkia. Wanajikwangua kwenye kokoto, mapezi wameyabana, wanahema mbiombio, chakula hawakitaki.

Nikakimbilia duka la dawa za mifugo, nikauziwa unga wa njano wa kuku. Koku, nilimwaga bila hata kupima! Maji yakawa kama juisi ya embe, na povu juu. Kumbe dawa ile ni ya bakteria, na vidoa vile ni vimelea. Waliokufa ni bakteria wema wanaoishi kwenye sifongo ya kichujio, wale wanaoibadilisha amonia ya kinyesi cha samaki isiwe sumu. Kulipokucha samaki wote walikuwa juu, midomo nje, wanagombania hewa. Nilizika watatu chini ya mpapai.

Aliyeniokoa ni kaka mmoja mtaani aliyesomea uvuvi Nyegezi. Hata samaki hakuwatazama, aliuliza maji nimebadilisha lini. Tukatoa theluthi ya maji, tukaweka ya bomba yaliyolala kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini itoke. Kisha chumvi, gramu 2 kwa kila lita. Tangi langu ni la lita 60, basi gramu 120, nusu siku hiyo na nusu kesho yake, imeyeyushwa kwanza kwenye jagi. Maji yakipungua kwa joto ongeza maji matupu, maana chumvi haipai na mvuke. Unarudishia chumvi ya yale maji uliyoyachota tu. Ila kama una majani ya majini humo, yahamishe, chumvi itayachoma.

Siku ya nne vidoa vikatoweka. Nikapiga kigelegele, nikabadilisha maji yote kuondoa chumvi. Baada ya siku chache vikarudi, vingi kuliko mwanzo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kidoa ni kimelea kimejichimbia chini ya ngozi, na kikiwa humo dawa haikifikii. Kikishiba kinadondoka, kinanata kwenye kokoto, kinajigawa kuwa mamia ya watoto, nao wanatoka kuogelea kutafuta samaki. Ni wakati huo tu chumvi inawapata. Kwa hiyo samaki akitakata ujue vimelea viko sakafuni vinazaana. Mara ya pili nilikaza na chumvi wiki mbili kamili, na kila baada ya siku moja nanyonya uchafu wa kokoto kwa mpira wa maji. Walionusurika ninao mpaka leo.

Umeme ukikatika, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, tena na tena, hewa iingie. Mkono utauma, lakini utafanyaje.

Ukiona tumbo limevimba na magamba yamesimama kama kuku aliyetimua manyoya, hiyo ni kesi nyingine, na mara nyingi hapo umeshachelewa. Mtenge tu kwenye ndoo yake. Na hata ukikata tamaa usimpeleke ziwani kumwachia. Sangara aliletwa humu miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, na wale furu tunaowasikia kwa wazee, wengi wao hatuwaoni tena. Ziwa halina haja ya mgeni mwingine, tena mgonjwa.

Nitumie picha ya ubavu, bila flashi. Na msimu wa senene ukianza, usijifanye umenisahau. Wa kukaanga, wasio na mabawa, kama wale wa mwaka juzi.

Wako,
Mbula